Farasi, Fahali na Mama Vifaranga

Mwanamume ambaye kila aliyemjua alimwita Visima alikuwa ametafuta maji ardhini nusu ya umri wake, na alipoyapata ya kutosha akaanza kutafuta gari. Si gari la kumfikisha kazini. Hayo alikuwa nayo, tena yenye tope mpaka madirishani. Alitaka gari la michezo la Kiitaliano, lile la chini linalonguruma kabla halijasogea, ambalo kwa miaka alikuwa akilitazama kwenye simu kitandani huku mkewe akimwambia azime watu walale.

Jipya asingelifikia hata kwa ngazi. Lakini mjini kulikuwa na yadi moja iliyouza magari ya namna hiyo yaliyokwisha tumika, na wakati huo yalikuwapo mawili. Moja jekundu, lenye nembo ya farasi. La pili la njano, lenye nembo ya fahali, na milango yake ilifunguka kwenda juu kama mbawa za kumbikumbi. Visima aliyazunguka, akayarudia, akashindwa kuamua. Lile jekundu lilipendwa na moyo wake. La njano lilipendwa na macho ya watu. Hapo ndipo aliponasa.

Nyumbani kwake, jambo likikwama hivyo, huitwa mama watoto. Mkewe ndiye aliyechagua kiwanja walichojenga. Ndiye aliyeupapasa mtambo wa kwanza wa kuchimbia akasema, "Huu umepakwa rangi kuficha kutu, twende zetu." Na kituo chake cha kutotolesha vifaranga ndicho kilichowalisha ile miaka ambayo kila shimo alilochimba mumewe lilitoa vumbi. Wateja walimwita Mama Vifaranga. Basi Jumamosi moja asubuhi Visima akampigia simu kutoka yadi.

"Mama watoto, njoo mara moja uniazime macho."

"Nina mayai yanaanguliwa sasa hivi."

"Hutakawia. Wewe njoo ulivyo."

Naye akaja alivyo.

Jumamosi ndiyo siku ambayo wenye magari yale walikutana pale yadi kunywa kahawa. Walikuwa na klabu yao, na mwenyekiti wao alikuwa mfanyabiashara wa vigae, mtu wa sauti kubwa aliyeweza kukupiga mgongoni ukamwaga kikombe na bado ukamshukuru. Alishamwambia Visima, "Chukua lolote kati ya haya mawili, kiti chako kiko tayari." Tangu hapo Visima alivaa kama wao: koti jeupe jepesi, viatu bila soksi. Alisimama katikati yao akicheka vichekesho ambavyo nusu yake hakuvielewa.

Mlango wa kioo ukafunguka. Mkewe aliingia na ovaroli la kijivu, gumbuti miguuni, kitambaa kimefungwa kichwani kwa haraka, unyoya mdogo umemganda begani. Aliingia na ile harufu ya joto na pumba ya nyumba ya vifaranga. Visima alikuwa ameizoea harufu ile kuliko ya nguo zake mwenyewe. Lakini pale, kati ya manukato na ngozi iliyong'arishwa, aliisikia kama wanavyoisikia wengine, na uso ukamwaka moto.

Muuzaji, bwana mmoja mwenye ndevu zilizochongwa kwa ustadi, alikwenda kumpokea.

"Karibu, dada. Unamtafuta nani?"

Akamwonyesha Visima kwa kidevu.

Muuzaji akageuka. "Bosi, huyu ni dada wenu wa kazi?" Hakusema kwa dharau. Aliuliza kama mtu anayeuliza mwavuli huu ni wa nani.

Wanaume wa kahawa walikuwa wakitazama. Mwenyekiti aliinua nyusi. Jibu lilikuwa fupi, na Visima alikuwa nalo mdomoni. Akalimeza.

"Yuko na mimi," akasema.

Haikuwa uongo, na ndiyo maana ilimtoka kwa urahisi.

Mkewe alimtazama. Hakumkasirikia, au kama alikasirika haikuonekana; alimtazama kama mtu aliyesukuma mlango wa nyumba yake akakuta umekomewa kwa ndani. Kisha uso wake ukatulia.

"Ndiyo, niko naye," akamwambia muuzaji. "Bosi, nikae wapi?"

Visima alifungua kinywa, lakini muuzaji alikwisha sogeza kiti cha plastiki karibu na mtungi wa maji ya kunywa. Mama Vifaranga akaketi, mikono mapajani, mgongo umenyooka. Kila dakika iliyopita ilifanya neno lile kuwa zito zaidi kulitamka. Mwanzoni lilikuwa neno. Sasa lingekuwa maelezo.

"Jaribu kukaa, bosi," muuzaji akasema, akamvua koti. Akakigeukia kile kiti cha plastiki. "Dada, mshikie bosi koti."

Akalishika. Alilikunja vizuri, upande wa ndani nje, lisichafuke kwa ovaroli lake.

Visima aliingia kwanza kwenye gari jekundu. Usukani ulimkaa mkononi kama jembe lililomzoea mwenyewe. Muuzaji akawasha, injini ikanguruma nyuma ya mgongo wake, na siku nyingine yoyote angelia kwa furaha. Lakini kupitia kioo cha mbele alimwona mkewe amekaa na koti, wala hakusikia injini ilisema nini.

Akahamia la njano. Kuingia kulikuwa kama kushuka kisimani. Kutoka kulikuwa balaa. Tumbo lilikataa kupita, mguu mmoja ukawa nje na mwingine ndani, na mwisho akatoka kwa magoti na viganja kama mtoto anayejifunza kutambaa. Wanaume wakaangua kicheko.

"Usijali, sote tulibatizwa hivyohivyo!" Mwenyekiti akapiga makofi. "Ila kumbuka, fahali wawili hawakai zizi moja. Nami ninalo la njano. Ukichukua hilo itabidi tupigane pembe!"

Visima alisimama, akajipangusa magoti. Na kwa mazoea tu, kama alivyofanya maisha yake yote, akageuka akauliza, "Unaonaje?"

"Mimi, bosi?" Mama Vifaranga akasema. "Mimi nitajua nini? Chukua litakalokusitiri."

Walicheka tena. Mwenyekiti akasema huyo dada ana maneno, aangalie wasimnyang'anye. Visima naye akacheka. Baadaye, katika yote ya siku ile, kicheko hicho ndicho kilichomrudia mara nyingi zaidi.

Aliaga akisema atafikiri. Nje, alikimbilia kumfungulia mkewe mlango wa mbele wa gari lao la kila siku. Mkewe akampita, akafungua wa nyuma, akaingia.

"Mama watoto, tafadhali."

"Dada wa kazi hukaa nyuma. Endesha, nina mayai."

Akaendesha. Kwenye kituo cha mafuta, mhudumu alichungulia, akamwona mzee usukani na mama kiti cha nyuma, akaenda moja kwa moja dirisha la nyuma.

"Mama, nimwambie dereva afungue tangi?"

"Mwambie," akajibu, bila kutabasamu.

Alimshusha kituoni kwake, kwa vifaranga. Mkewe hakurudi nyumbani mpaka jua lilipoinama, na aliporudi alikwenda jikoni moja kwa moja, akavua gumbuti, akaanza kuosha miguu kwenye beseni. Visima alikuwa akimngoja, amesimama mlangoni bila kujua pa kuweka mikono.

"Nimekosa," akasema.

"Najua."

"Yule muuzaji hana adabu. Anamtazama mtu nguo..."

"Mwache yule." Alimwaga maji taratibu juu ya unyayo. "Yule ana macho, aliona ovaroli akasema ovaroli. Hanijui. Wewe una watoto na mimi."

Visima aliinama, akaokota gumbuti zake, akaziegemeza ukutani.

"Tena usidhani kilichoniuma ni kuitwa dada wa kazi," akaendelea. "Mama yangu alikuwa nani? Alifua nguo za watu na kulea watoto wa watu mpaka sisi tukasoma. Ulikula chakula cha mikono ile ukamwita mama. Akifufuka leo akaingia pale yadi, utasema na yeye yuko na wewe?"

Alimkumbuka mama mkwe wake, jinsi alivyompa kipande kikubwa cha nyama siku ya kwanza alipokwenda kuposa, na yeye akabaki na mfupa. Alitamani sakafu ipasuke.

"Basi silinunui," akasema mwishowe. "La farasi wala la fahali. Nimeyaacha."

Mkewe akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Ahaa. Ili kesho uwaambie rafiki zako kwamba mke wako alikukatalia? Hapana, baba watoto. Usinitwishe mimi huo mzigo. Gari halikukufunga mdomo. Ulitamani gari, nunua gari. Lakini ulichokimeza kule, ukakitapike kulekule."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Mama Vifaranga hakununa. Alipika, alipiga simu zake, alimuuliza juu ya kisima kipya kilichokuwa na chumvi. Alimwita bosi mara moja tu, alipompa chai, na Visima akaiacha ikapoa bila kuigusa. Dada yake mkewe alikuja kuwasalimu, wakazungumza na kucheka sebuleni, naye Visima akajificha chumbani akisubiri kuitwa kuhukumiwa. Hakuitwa. Mkewe hakuwa amesema neno kwa mtu yeyote. Alikuwa amemsitiri, na kusitiriwa huko kulimuuma kuliko kama angetangazwa sokoni.

Jumamosi iliyofuata alimwomba waende pamoja.

"Wewe ndiye mwenye kazi kule," akamjibu. "Mimi kazi yangu iko hapa."

Akaenda peke yake, na shati lake la kawaida. Wanaume walikuwa palepale na vikombe vyao. Muuzaji alimwendea akisugua viganja.

"Bosi! Umeamua?"

"Kwanza nina neno." Sauti ilimtoka juu kuliko alivyotaka, na wote wakageuka. "Yule mama aliyekuja na ovaroli Jumamosi iliyopita. Mliyempa koti langu ashike. Ni mke wangu."

Muuzaji alijishika kinywa. "Mungu wangu. Bosi, nisamehe. Nitampigia simu, nitakwenda mwenyewe kumpigia magoti... Lakini bosi, kwa nini hukuniambia?"

Visima alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo, ambalo lilikuwa rahisi kuliko yote.

"Niliona haya," akasema. "Niliwaonea ninyi haya."

Alingoja dhoruba. Haikuja. Mwanachama mmoja alikohoa, mwingine akarudi kwenye simu yake. Mwenyekiti akampiga mgongoni, safari hii polepole.

"Aa, bwana wee! Kumbe ni hilo tu? Ungesema palepale. Mimi mke wangu anauza samaki wabichi, akipita hapa hata paka hufuata gari. Tungecheka, tukamletea kahawa, yakaisha."

Na Visima akatambua kwamba ni kweli. Wangecheka, wangemletea kahawa, na yangeisha. Alikuwa amemkana mkewe kwa kuogopa kitu ambacho hakikuwapo. Alifikiri kusema kungemtua mzigo. Badala yake aliuona mzigo wote jinsi ulivyokuwa, na hakuwa na wa kumtupia.

"Basi, lipi?" muuzaji akauliza kwa upole.

Aliyatazama magari yote mawili. La njano lilikuwa limefunguliwa milango juu, likimetameta, na kwa mara ya kwanza alijiuliza angeliendesha wapi kama barabarani kusingekuwa na watu wa kulitazama. Hakupaona.

"Jekundu," akasema.

Lilipofika nyumbani, Mama Vifaranga alitoka akalizunguka. Alipitisha kiganja juu ya bati, akainama kutazama chini ya milango, akavuta kiti, akanusa.

"Ni zima," akasema. "Rangi yake ni ileile liliyozaliwa nayo." Akarudi ndani kuandaa chakula.

Jioni binti yao alikuja kutoka chuoni kuliona. Alipiga picha, akakaa usukani, akapiga honi mpaka majirani wakachungulia. Walipoketi mezani bado alikuwa akicheka.

"Mama, baba alisema ulikwenda kumchagulia. Walikupokeaje wale wakubwa wa magari?"

Mama Vifaranga aliendelea kupakua. "Baba yako alikuwapo," akasema. "Yeye ndiye anajua kusimulia."

Angeweza kusema walimpokea vizuri. Mkewe alikuwa amemwachia mlango huo wazi, na wala asingemsuta mbele ya mtoto. Visima aliweka kijiko chini. Akasimulia yote: ovaroli, swali la muuzaji, maneno yake matatu, koti, na jinsi alivyocheka pamoja nao. Hakupunguza kitu, hata kicheko.

Binti alimtazama baba yake, kisha akanyanyua sahani yake na kikombe chake, akazunguka meza, akaenda kukaa upande wa pili, bega kwa bega na mama yake.

"Kuleni," Mama Vifaranga akasema. "Chakula kinapoa."

Visima akashika kijiko. Mkewe akamsogezea bakuli la mboga, naye akalipokea kwa mikono miwili, macho yake chini.