Mashahidi wa Dokta Eliasi

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, Yuditha alifungua barua pepe kutoka chuo cha madaktari wa upasuaji. Kazi yake katika hospitali moja ya binafsi pale Manundu ilikuwa kuhakiki vyeti vya madaktari, na majibu haya aliyasubiri wiki sita. Barua ilikuwa fupi. Chuo hakikuwahi kumtunuku ubingwa mtu anayeitwa Eliasi Semboja.

Wiki zote hizo sita Dokta Eliasi alikuwa akipasua watu. Loyce, mdogo wake Yuditha, alikuwa kwenye orodha ya Alhamisi, atolewe uvimbe wa kizazi.

Kabla Yuditha hajainuka, aliingia mama mmoja mwenye shuka la bluu, mkono mmoja umeshika tumbo. Alimfahamu. Ni Naitoi wa Handeni, aliyefia pale mwezi uliopita, ndugu zake wakaenda kumzika kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeulizia habari za dokta?"

"Ndiyo mimi."

"Nimekuja kujibu. Na mwenzangu huyu ametoka Kabuku."

Nyuma yake alisimama mzee Ukasha, mkulima, aliyezikwa Ijumaa iliyopita. Alijipangusa udongo miguuni ndipo akaingia.

Yuditha aliwapa viti na fomu za mashahidi. Naitoi hakujua kuandika, kwa hiyo alisema na Yuditha akaandika: dokta alitafuta kidole tumbo upande wa kushoto, asikione, kisha akamwomba nesi amshikie simu atazame video. Mzee Ukasha alijiandikia mwenyewe, mistari miwili, kwa mwandiko mzuri wa zamani. Walipomaliza waliaga, maana safari ilikuwa ndefu.

Mkurugenzi, mzee Mhina, alizisoma fomu akiwa amesimama.

"Hawa wana vyeti vya kifo?"

"Wanavyo, mzee."

"Alivisaini nani?"

"Dokta Eliasi."

"Sasa ukisema yeye si daktari, hata kufa kwao hakujathibitishwa." Akamrudishia fomu. "Waandikie tena chuo. Huenda wamekosea herufi za jina. Na tukimsimamisha, nani atapasua? Wagonjwa wote waende Tanga?"

Yuditha aliandika tena. Jumanne kila simu ilipoita alidhani ni chuo, na kila mlango ulipogongwa alidhani ni shahidi mwingine. Jumatano jioni alikwenda wodini, akaichukua orodha ya upasuaji, akalikata jina la Loyce kwa kalamu yake mwenyewe. Kisha akashuka Masuguru, kwa Loyce, kumchukua.

"Jamani dada, kesho si ndiyo zamu yangu?" Loyce aliuliza. "Nimeisubiri miezi mitatu."

"Funga mzigo. Tunakwenda Tanga."

Kuhusu majina mengine kwenye orodha ile hakumwambia mtu. Alikuwa na ajira, na alikuwa na mdogo mmoja tu.

Tanga walimpasua Loyce Jumamosi. Jumapili alikuwa ameketi kitandani, akiulizia uji. Jumatatu Yuditha alirudi kazini, akakuta mezani nakala ya barua ya ajira ya kudumu ya Dokta Eliasi. Juu yake mkurugenzi alikuwa ameandika: *Weka kwenye jalada. Uhakiki unaendelea.*

Alikuwa bado ameishika alipoingia binti wa miaka kama kumi na tisa, shanga shingoni, anatembea taratibu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu."

"Naitwa Simaloi. Nililetwa Alhamisi kutoka Handeni. Waliniambia nina bahati, kuna nafasi imepatikana."

Yuditha alimvutia kiti, akatoa fomu.

"Nafasi yenyewe ilikuwa ya nani?" Simaloi aliuliza.

"Ya mdogo wangu."

"Anaendeleaje?"

Yuditha aliandika tarehe juu ya fomu.

"Anaendelea vizuri."

"Tumshukuru Mungu," alisema Simaloi, akaivuta fomu karibu na kuuliza aanzie wapi.