Mrushaji wa Mtu Mmoja

Usiku wa kuamkia fainali, Eliamani Mbwambo aliota chupa ya chai inamwita kazini.

Ilikuwa chupa nyekundu yenye maua, imekaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba, ikalia kama simu. Hakuna aliyeshangaa. Eliamani aliinyanyua, akafungua kifuniko, na sauti ya Kocha Rweyendera ikatoka pamoja na mvuke.

"Eli, inuka. Ni mtu mmoja tu."

"Naam, Kocha."

"Ukimtoa, una msimu mwingine. Akifika nyumbani, wewe ndiye unayetoka. Na ufunge kifuniko, chai inapoa."

Asiyejua besiboli anivumilie kidogo. Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja, akarusha mpira. Mpigaji humsubiri na gongo. Akiupiga vizuri, huzunguka vituo vitatu viitwavyo besi na kurudi alipoanzia, na hapo alipoanzia, penye kibao cheupe, panaitwa nyumbani. Akikosa mara tatu, hata kwa kuuacha tu mpira mzuri upite, ametolewa. Eliamani ana mashoto, na mrushaji wa mashoto huwasumbua mno wapigaji wenye mashoto wenzake. Kwa hiyo kazi yake maisha yote imekuwa moja: kuitwa mechi inapokuwa mbaya, amtoe mpigaji mmoja wa kushoto, kisha akakae. Kwa kazi hiyo ya dakika chache ameishi Kampala, Lusaka, Mexico na kisiwa kimoja cha Japani chenye mvua tu, na kote huko ameagwa kwa maneno matamu na kusindikizwa hadi kituoni.

Sasa alikuwa Dodoma na timu nyingine tena. Mama yake alikuwa Morogoro kwa dada yake, Nanzia, tangu aliposhushwa kutoka milimani Usangi kuja kutibiwa magoti. Magoti yalikwisha kupona zamani. Kilichobaki ni mtoto wa kiume kumrudisha kwake, maana mama alisema wazi kwamba hapandi ule mlima na mtu mwingine. "Ligi ikiisha, mama," Eliamani humwambia. Ligi ikiisha, timu nyingine hupiga simu. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, lakini yeye sakafu yake kila mwaka iliongezwa kipande.

Basi, katika ndoto, anatoka benchi anaelekea kwenye kichuguu. Mkono wake wa kushoto umetangulia mbele, unapunga.

"Taratibu," anauambia. "Unaniuma tangu Lusaka."

"Ng'ombe hazeeki maini," unajibu mkono. "Twende."

Pembeni ya uwanja palikuwa na watu wamekaa juu ya mabegi yao, safu kwa safu, wengine wamesinzia, wengine wanamenya machungwa. Eliamani aliwatambua mmoja mmoja. Walikuwa wapigaji wote aliopata kuwatoa. Wa mbele kabisa alikuwa Okwir, wa Kampala, aliyekuwa na mabega mapana na sasa ana mvi.

"Okwir! Unafanya nini hapa?"

"Nangoja. Si ulinitoa? Tangu siku ile sijafika nyumbani."

"Ndugu yangu, ile ilikuwa sheria ya mchezo tu."

"Hata mimi nilidhani hivyo. Nikapanda basi, likazunguka, likanishusha hapa. Nikatembea kwa miguu, nikatokea hapa hapa. Mke wangu ameolewa na mtu aliyefika."

"Pole sana."

"Tumeshapoa. Nenda, unachelewesha mechi."

Eliamani aliendelea kutembea.

Alipopanda kichuguu na kugeuka, uwanja haukuwa uwanja tena. Ulikuwa mteremko wa Usangi, wenye migomba na ukungu, na kile kibao cheupe cha nyumbani kilikuwa kimelazwa kwenye kizingiti cha nyumba ya mama yake. Besi ya kwanza ilikuwa uani kwa Nanzia, Morogoro, na Nanzia mwenyewe alikuwa pale anaanika nguo. Besi ya pili ilikuwa stendi ya Korogwe. Ya tatu ilikuwa Mwanga, chini ya mlima. Zote zilionekana kwa jicho moja bila shida yoyote. Wachezaji wenzake walikuwa jezi zake za zamani, tupu, zimetuna upepo, kila moja imesimama mahali pake. Mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mpira, alikuwa begi lake la safari, zipu wazi.

Mwamuzi alikuwa kabati la vyombo. Lilikuwa kabati la mama, lile la vioo viwili, lenye kitambaa cha kufuma kichwani. Vikombe vya wageni viligongana ndani lilipoita:

"Mpigaji!"

Mama akatoka nyuma ya nyumba. Amevaa sweta la baridi na kanga kiunoni, na begani amebeba mchi wa kinu.

Eliamani alifungua chupa ya chai haraka. "Kocha, huyu ni mama yangu."

"Ni mpigaji mmoja tu."

"Na si wa kushoto. Mama ni wa kulia, tena ni yeye aliyenichapa nikila kwa kushoto. Mmeniitia nini?"

"Rusha, Eli," ilisema chupa, ikajifunga yenyewe.

Sasa naomba tuelewane. Mtu huyu anaogopa. Akimtoa mama yake, mama atakwenda kukaa juu ya begi kando ya Okwir, na Usangi hataiona tena. Akimwacha afike, yeye kazi imekwisha, na hajui kazi nyingine yoyote chini ya jua. Mikono ilimtoka jasho, wa kushoto kwa hamu na wa kulia kwa woga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekula?"

"Nimekula."

"Haya rusha. Nimesimama vya kutosha."

Anarusha. Mpira unatoka mkono wa kushoto, unapinda pembeni, unarudi katikati, mzuri kupita yote aliyorusha tangu Mexico. Mama hautingishi mchi. Mpira unaingia ndani ya begi.

"Kosa la kwanza!" lilisema kabati.

"Mama, mbona hukupiga?"

"Umenipa kwa kushoto."

"Ndivyo ninavyorusha, mama. Ndiyo kazi yangu."

"Kazi yako ni yako. Mimi sipokei kitu cha kushoto mbele ya wageni." Akawaelekezea kidevu watu waliokaa juu ya mabegi, nao wakainamisha vichwa kwa heshima.

Mkono haukungoja ruhusa. Ulirusha tena, kwa nguvu zaidi. Mama aliutazama mpira ukipita kama anavyotazama muuza nyanya anayetaja bei mbaya.

"Kosa la pili!"

Kule pembeni Okwir alisogea kidogo, akalipangusa begi la jirani kwa mkono. Alikuwa anaandaa nafasi. Eliamani aliona. Kosa moja tu limebaki, na mama yake atatolewa kwa adabu yake mwenyewe.

Akafanya alichofundishwa. Alihamishia mpira mkono wa kulia, akainama kidogo kama mtoto anayempa mkubwa sahani, akarusha. Mpira ulidondoka miguuni pake.

"Mbovu," lilisema kabati.

Akarusha wa pili kwa kulia. Ulipita juu ya bati, ukaingia migombani.

"Mbovu."

Wa tatu uliingia banda la kuku, na kuku akaurudisha.

"Mbovu. Ukirusha mwingine wa namna hiyo, anakwenda besi ya kwanza bure. Ndiyo sheria."

Eliamani alitazama besi ya kwanza. Palikuwa Morogoro. Nanzia alikuwa amemaliza kuanika nguo na sasa alikuwa anatandika kitanda cha mama, kile kile, chumba kile kile, na kalenda ya mwaka juzi ukutani. Mama akipelekwa pale atakaa, angoje mtu wa kumsogeza mbele. Na huyo mtu alikuwa nani? Eliamani aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Mama," alisema, "nikirusha kwa kulia nakurudisha Morogoro. Nikirusha kwa kushoto hupigi, unatolewa. Sasa nifanyeje?"

Mama alishusha mchi.

"Huo mkono wa kulia ndio niliokufundisha mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Haujui kitu."

Akakaza kanga. Akavuka kizingiti, akasimama upande wa pili, akauhamishia mchi bega la kushoto. Miguu yake ikajipanga yenyewe, kiuno kikatulia, na mtu yeyote aliyewahi kusimama uwanjani angejua kwamba hapo ndipo mwili ule ulipokuwa unataka kusimama siku zote.

"Mama, una mashoto?"

"Nilikuwa nayo. Bibi yako aliufunga mkono huu kwa kamba ya mgomba mpaka ukasahau. Na mimi nikaja nikaufunga wako. Wako ulikuwa mkaidi." Akaupangusa mchi kwa kanga. "Nilikuonea, mwanangu. Nilikuwa naogopa watu. Haya, nipe kwa mkono wako."

"Kumbe kocha alijua," Eliamani alinong'ona.

"Mimi ndiye niliyejua," ulisema mkono wa kushoto.

"Basi mrushie taratibu. Mrushie wa kupigika."

"Mimi sijui mpira wa uongo. Na yeye hautaki. Muulize."

Hakuuliza. Machozi yalikuwa karibu, nayo ni kitu kibaya kwa mrushaji. Vikombe kabatini viliacha kugongana. Begi liliacha kupumua. Makosa mawili, mibovu mitatu, na mpira mmoja wa kuamua yote.

Anarusha. Ni mpira wake mwenyewe, ule uliomlisha, unaotoka nje na kurudi ndani kwa mtu wa kushoto, mpira uliowakalisha watu wote wale juu ya mabegi. Mama anauzungushia mchi. Mlio unaotoka ni ule wa kinu kikipokea pigo la kwanza la asubuhi, na mpira unapanda, unapita migomba, unapita kanisa, unaingia ukunguni.

Mama hakukimbia. Aliweka mchi chini, akakusanya kanga, akaanza safari. Alipita Morogoro akamwambia Nanzia asiache nguo zinyeshewe. Alipita Korogwe akakataa machungwa ya dirishani. Jezi tupu zilikuwa zinahangaika kule porini, zikipigana vikumbo kuutafuta mpira. Mama akaikanyaga Mwanga, akainua macho, akaanza kupanda mlima.

Na hapo jezi ya Lusaka ikaupata. Ikaurusha kwa jezi ya Kampala, nayo ikaurusha kwa Eliamani, ukatua mkononi mwake. Katika mkono wa kushoto, bila shaka.

"Niletee! Niletee!" begi lilipiga kelele kizingitini, limepanua zipu yote. Mpira ukifika kabla ya mama, mama ametolewa.

Chupa ya chai ilikuwa inachemka upya. "Msimu mwingine, Eli! Hapo ulipo! Rusha!"

Mama bado hatua chache. Anapumua kwa tabu, mkono mmoja kwenye goti, haangalii nyuma. Mkono wa kushoto ukaanza kunyanyuka wenyewe. Haukuwa na ubaya wowote. Ndivyo ulivyozoea, mtu akienda nyumbani unamzuia.

"Acha," alisema Eliamani.

"Nitakuwa mkono wa nani nisiporusha?"

"Sijui. Acha."

Haukuacha. Basi akakaa chini juu ya kichuguu, mbele ya fainali nzima, akaukalia. Ulipigapiga chini yake kama kuku aliyeshikwa. Yeye akalia waziwazi, akaukandamiza kwa uzito wake wote mpaka ukatulia.

Mama akakanyaga kizingiti.

"Amefika," lilisema kabati, likafungua milango yote miwili. Watu wa mabegi walisimama. Okwir alijikung'uta vumbi, akauliza barabara ya Kampala ni ipi. Na kutoka rafu ya juu kikombe kimoja cha wageni kikateleza, kikaanguka, kikavunjika.

Eliamani akaamka. Palikuwa pamekucha. Alikuwa nyumba ya wageni, Dodoma, na mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi kwa sababu alikuwa ameulalia. Akacheka peke yake. Ndoto ni ndoto, na fainali ni saa nne.

Simu ikalia, simu ya kweli. Nanzia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo, ila kaka, ameamka na mambo. Kikombe cha chai anashikia mkono wa kushoto. Yeye! Mjumbe wa nyumba kumi yuko hapa sebuleni, anaona kabisa. Nikamwambia mama, mkono huo? Akanionyesha kiganja."

"Kina nini?"

"Malengelenge, kaka. Mabichi, kama ya mtu aliyetwanga mahindi ya harusi. Na mtu huyu mchi hajaugusa tangu aje kwangu. Nikamuuliza umeumia wapi, akasema nikuulize wewe."

Mlango ukagongwa. "Eli!" aliita Kocha Rweyendera. "Basi la timu linaondoka. Leo nina kazi na wewe, ni mtu mmoja tu."

Eliamani alikaa kitandani, ganzi ikimtoka mkononi kidole kwa kidole, inachoma.

"Kaka? Uko hapo?"

"Nipo. Mwambie afunge mizigo yake. Nakuja Morogoro kumchukua, kesho tunapanda Usangi."

"Kesho? Na fainali je?"

"Nimeshafungwa."