Sentensi Iliyowatuliza Wazazi

Walipiga makofi. Hayakuwa makofi ya shangwe, bali yale mapole ya wafiwa wanaoshukuru hotuba, na mama mmoja alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Wazazi hao walikuwa wamefika uani mwa shule wamekunja mikono ya mashati, tayari kwa ugomvi. Mwenyekiti wa bodi, mfanyabiashara wa mbao mwenye sauti ya kupasulia magogo, alimaliza kusoma uamuzi wa bodi, akaikunja karatasi, nao wakaanza kutawanyika. Mdogo wangu alibaki karibu na bomba la maji. Hakupiga makofi. Alikuwa akinitazama mimi, si mwenyekiti.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye bodi. Nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji, mtu wa kusoma ya wengine na kuyatilia shaka. Sikuwahi kutamani kura ya mtu. Lakini zilienea tetesi kwamba bodi ijayo ingefuta zamu ya mchana, ili vyumba vibaki kwa masomo ya ziada ya watahiniwa na jina la shule lipande. Binti wa mdogo wangu alisoma zamu hiyo ya mchana. Asubuhi, mdogo wangu akiwa kazini katika chumba cha kufulia cha hospitali, msichana yule ndiye aliyemwogesha, kumlisha na kumgeuza mama yetu, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza. Mama yake aliporudi adhuhuri, yeye alivaa sare akaenda darasani. Bila zamu ya mchana, hakuwa na shule.

Basi mdogo wangu alininadi mlango kwa mlango. "Kaka yangu hana ucheshi," aliwaambia wazazi, "na hata mimi dada yake namvumilia tu. Lakini hadanganyiki." Mpinzani wangu, kinyozi mchangamfu, aliahidi nyavu za magoli. Mimi sikuahidi kitu, na watu wakaona hiyo ndiyo ahadi nzito kuliko zote. Nikashinda.

Bodi ilipopiga kura, nilipinga. Jambo hilo limo katika kumbukumbu za kikao, na kwa muda nililiegemea kama mlevi anavyoegemea ukuta. Tulishindwa. Hata hivyo, kanuni yetu ilitaka uamuzi wa namna ile usomwe mbele ya wazazi. Wakiukataa, urudi mezani. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba wangeukataa, kwa maana mwenyekiti alikuwa ameuandika mwenyewe: "Zamu ya mchana imefutwa. Asiyeweza kuja asubuhi atajijua."

Aliisukuma karatasi mbele yangu baada ya wenzetu kuondoka. "Mwalimu," aliniita, ingawa sijapata kufundisha hata kuku, "mimi mtu wa misumeno. Hebu ninyooshee lugha tu. Maana usiiguse."

Ningeweza kukataa. Lakini ile "atajijua" ilinikera kama mchanga kwenye chakula. Nikatoa kalamu. Nikaandika kwamba bodi, kwa masikitiko na baada ya tafakuri ndefu, imelazimika kuiaga zamu iliyolea vizazi. Kwamba hakuna mtoto atakayesahauliwa. Sentensi ile ya mwisho niliigeuzageuza hadi ikakaa sawasawa kinywani. Nilirudi nyumbani nimeridhika. Katika habari hii yote, hilo ndilo neno ninaloliandika kwa taabu: nimeridhika.

Uwanja ulipokuwa mtupu nilimwendea mdogo wangu pale bombani, nikaanza kumkumbusha kura yangu.

"Najua ulipinga," alisema. "Na haya maneno ni ya nani? Yule mpasua mbao anaijua tafakuri?"

Nikamweleza kwamba yale ya kwanza yalikuwa mabaya mno, hayasomeki mbele za watu.

"Ungeyaacha mabaya hivyo hivyo, kaka. Ubaya wake ungetusaidia. Watu wamekuja kugombana, wewe ukawabembeleza wakalala."

Jioni mpwa wangu aliniuliza swali, tena bila kejeli, na ndiyo maana liliuma. "Mjomba, pale kwenye masikitiko, ni nani aliyesikitika?"

Nilimjibu kwamba ni bodi. Aliitikia kwa heshima, kama mgeni aliyepewa kiti kibovu.

Nilijitolea kukaa na mama asubuhi, nikaombe ruhusa kiwandani. Mama aliupinda mdomo upande ule uliobaki mzima. "Mwanangu wa kiume anioshe? Bora ninuke." Mdogo wangu alicheka. Mimi sikucheka, wala sikusisitiza. Nililipokea katazo lile kwa wepesi ambao hadi leo sijaweza kuuwekea jina la heshima.

Nilikitumikia kipindi changu chote, na mwenyekiti hakukosa karatasi za kunyooshewa. Mama naye akaanza kupoteza hesabu ya siku. Mchana, nilipokwenda kuwaona, nilimsikia akimuuliza mjukuu wake mbona hajaenda shule.

"Leo hakuna shule, bibi."

"Ala. Basi njoo unigeuze."

Kesho yake aliuliza tena, akajibiwa vile vile, kwa sauti ile ile ya upole. Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kutoruhusu kosa lipite, nilikaa upande wa pili wa pazia, gazeti mikononi, nikaliacha lipite.