Wimbo Bila Kituo

"Glasi moja tu," Kapteni alikuwa anamwambia mume wangu, kwa mara ya ngapi sijui. "Moja, urudi kuwa yule mtu tunayemfahamu."

"Yule hayupo," mume wangu akajibu. "Nilishakwambia."

"Basi mtafute. Umetuvua nguo mbele ya ukumbi mzima."

Tulikuwa nyuma ya ukumbi wa harusi, kwenye kinjia kati ya jiko na tangi la maji, ambako wapishi walitupita na masufuria yao wakituambia tusogee. Kapteni ndiye kiongozi wa bendi ya matarumbeta. Alikuwa ameishika glasi yake kama mama anayemkimbiza mtoto akiwa na kijiko cha dawa. Mume wangu, ambaye watu wanamwita Mapafu kwa jinsi anavyopuliza, alikuwa ameikumbatia tarumbeta kifuani. Wengine walikaa juu ya makreti ya soda, wakigeuza shingo huku na huku kama watazamaji wa mpira. Mimi nilisimama pembeni na funguo za gari. Ndimi dereva wa bendi. Sikuiomba kazi hiyo. Nina diploma yangu ya maabara na ajira yangu ya wiki nzima. Nilipewa usukani kwa sababu katika msafara ule wote, saa ya kurudi nyumbani, ni mimi pekee niliyekuwa naona barabara moja.

Aibu yenyewe ilikuwa hivi. Bendi ina wimbo mmoja wa kumwingiza bibi harusi ukumbini, na ndio unaotafutwa na kila mteja. Katikati ya wimbo huo kuna kituo. Tarumbeta zinanyamaza, ngoma inanyamaza, ukumbi mzima unabana pumzi, kisha wanaanza tena kwa kishindo. Watu wanakipenda sana kituo hicho. Wasimamizi wa maharusi hujifunza hatua zao kwa kutazama video zetu, na wakifika pale husimama mguu mmoja juu. Siku hiyo walifika, wakanyanyua miguu, bendi ikakata. Mapafu akapitiliza. Alipuliza peke yake, amefumba macho, kwa raha zake zote. Msimamizi wa mbele hakujua ashushe mguu au auache hewani. Wa nyuma akamparamia. Bibi harusi, maskini, akaona bora atembee tu kama anakwenda dukani.

"Kasahau wimbo niliomfundisha mimi mwenyewe," Kapteni akawaambia waliokaa. "Pombe imeondoka, na akili imebeba begi lake ikaifuata."

Wakacheka. Nilifungua mdomo, lakini mume wangu alinitangulia.

"Sijasahau," akasema. "Pale hakuna kituo."

Hapa lazima nieleze kidogo. Mume wangu ameacha pombe. Majuma ya kwanza sitayapamba: alitetemeka, aligombana hata na mlango wa kabati, na bila daktari wa kliniki na watu wa kile kikundi chake cha walioacha pombe tusingevuka. Lakini baada ya hapo kilikuja kitu ambacho hakuna aliyenionya. Nyumba yetu ikapata asubuhi. Zamani asubuhi ilikuwa yangu na watoto, tukinyata kwa vidole. Sasa mtu anaamka kabla yetu, anapika uji, anaimba vibaya, anauliza nani kaficha viatu vya nani. Alijiandikisha kujifunza kuogelea pamoja na binti yetu, na mwalimu akamweka darasa la wanaoanza, yeye na ndevu zake kati ya watoto wenye maboya mikononi. Binti yetu alifaulu kwanza. Baba mtu alisimulia habari hiyo mtaa mzima kama vile ameshinda yeye. Anacheka, na kesho yake anakumbuka alichochekea. Sikujua jambo hilo ni tamu kiasi gani mpaka nilipolipata.

Asubuhi moja nilikuwa bafuni, uso umejaa sabuni, nikasikia ananiita kwa sauti ya mtu aliyeona moto. Nilitoka nikipapasa ukuta. Alikuwa uani na tarumbeta, macho yanang'aa. Akaniambia nisikilize, akaupiga ule wimbo wa bibi harusi, akafika kwenye kituo, akaendelea. Pumzi ilikuwa bado imembakia. Wimbo ukaungana pale katikati, ukapanda, ukapinda, ukashuka upande wa pili bila kukatika. Sabuni iliniingia machoni na sikuijali. Nilimwambia arudie. Akarudia. Watoto wakatoka na sare za shule, mmoja ana kiatu kimoja, wakaanza kucheza.

Basi yote hayo Kapteni hakuyajua, au hakutaka kuyajua.

"Kapteni," mume wangu akasema taratibu, "pale tulikuwa tunahema."

Akamkumbusha. Ilikuwa harusi ya zamani, walikuwa wameanza kunywa kabla ya kuvaa makoti. Walipofika pale juu, wote wakaishiwa pumzi kwa mpigo mmoja. Wakasimama wakitweta kama waliokimbizwa na mbwa, kisha wakaanza tena. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni mtindo. Harusi iliyofuata wakasimama tena palepale, na ya baada ya hapo, mpaka vijana waliojiunga baadaye wakafundishwa kuhema kama sehemu ya wimbo.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu anayepiga ngoma kubwa, akajikuna kisogo na kusema kwamba hilo ni kweli, maana siku ile yeye alitapika ndani ya ngoma. Mpiga saksafoni akaanza kucheka akashindwa kuacha. Kapteni aliitazama glasi yake. Nadhani alikumbuka, ni mtu wa muziki, na wimbo ule aliufundisha ukiwa mzima.

Lakini kukumbuka ni kazi nyingine na kukubali ni nyingine. Akasema hata kama, watu wanakitaka kituo chao. Akamwambia mume wangu achague: anywe, alegee, asimame wanaposimama wenzake, au avue koti la bendi aende nyumbani. Na atakayemfuata naye avue.

Hapohapo mshereheshaji akachungulia mlangoni na kipaza sauti chake. Keki iko kwenye korido, akasema, wabebaji wamechoka mikono, na mama wa bibi harusi anataka uleule wimbo, safari hii bila watu kuangukiana.

Mume wangu akaitazama glasi.

Namjua mtazamo huo. Haikuwa kiu. Tukiwa njiani kuja aliniambia kwamba kiu ameshaizoea, inakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Alichokiogopa ni bendi. Tangu ujana hakuwahi kupiga mbele za watu akiwa na akili zake timamu, na bila bendi hajui yeye ni nani. Kwa hiyo nilipoona mkono wake mmoja umeiachia tarumbeta, moyo ulinishuka hadi kwenye kandambili.

Mimi si mtu wa maneno laini. Nikamuuliza, "Baba watoto, unataka kupiga au hutaki?"

"Nataka."

"Unataka hicho?"

Akaitazama tena. Kisha akatikisa kichwa, akavua koti jekundu, akalikunja vizuri kama anavyokunja nguo za watoto, akamwekea Kapteni begani. Akabaki na shati jeupe lenye jasho mgongoni. "Nimefurahi kupiga nawe, kaka yangu," akasema. "Kweli nimefurahi. Lakini leo nilipopitiliza pale, sijawahi kusikia raha kama ile maishani mwangu. Siwezi kurudi kuhema. Keki nitaiingiza mwenyewe."

Mpiga saksafoni akanong'ona kwamba tarumbeta moja bila ngoma itawatoa watu nje wakidhani ukumbi unaungua. Mume wangu akamgeukia mdogo wake. Shemeji akamwangalia Kapteni, akayaangalia makreti, akaviangalia viatu vyake kwa makini kana kwamba ndiyo kwanza kavinunua. Nilimhurumia. Kapteni ndiye aliyemlea kimuziki. Lakini keki ilikuwa inasubiri.

"Shemeji," nikamwambia, "vua ngoma."

"Nani atapiga?"

"Vua."

Nimekaa nyuma ya usukani wa bendi hii tangu kabla mtoto wetu wa kwanza hajaota meno. Wimbo ule naujua kuliko jina la mama mkwe. Shemeji akainamisha kichwa, akaupitisha mkanda juu ya masikio yake, nami nikauvaa. Ngoma ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani na ilinigonga magotini. Funguo za gari nilizitia mfukoni, nikachukua kirungu. Mume wangu alinitazama kama siku aliyokuja kwetu kujitambulisha, ila safari hii alikuwa amesimama wima.

"Usikimbie," akaniambia.

"Wewe usisimame," nikamjibu.

Nikapiga. Bum. Mpishi mmoja akashtuka akaweka sufuria chini, kisha akatufungulia mlango kwa mguu. Tarumbeta ikaingia juu ya ngoma yangu, safi, tukapita kwenye korido, wabebaji wa keki wakaanza kuyumba nasi, tukaingia ukumbini kwenye taa na vifijo. Mapigo yangu mawili matatu yalikwenda pembeni, sitadanganya. Tukapanda mpaka pale juu. Wasimamizi wakanyanyua miguu. Mume wangu akanitazama juu ya tarumbeta, mashavu yamejaa, na mimi nikapiga palepale pasipopigwa, kwa nguvu zangu zote, tukapita.

Miguu ikashuka yenyewe. Bibi harusi akaruka kutoka kwenye kiti chake akaja katikati, gauni amelikamata kwa mikono miwili. Nyuma yangu nikasikia saksafoni, kisha matoazi. Sikugeuka kuona nani mwingine amevua koti. Nilikuwa na kazi.