Mstari wa Chini

Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumapili saa tatu asubuhi, aliwasalimia kwa Kihindi wasikilizaji waliohama Asia Kusini kuja kutafuta maisha ugenini. Walimwita Dada wa Redio, hata wazee waliomzidi umri. Aliwasomea habari za kwao, akawaeleza namna ya kujaza fomu za ukaazi, akawapigia nyimbo, na mwisho akasoma matangazo ya vifo.

Jumapili moja alisoma kwamba fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni ameaga dunia. Wimbo haujafika hata katikati, simu ya studio ikalia.

"Dada, ni mimi fundi. Mbona mmenizika na chai yangu bado ya moto?"

Dada wa Redio akaomba radhi mara tatu kwa pumzi moja. Mzee akacheka.

"Mke wangu kaangusha sufuria. Majirani wako mlangoni, mmoja keshaanza kulia! Nani kawapa habari hizo?"

Akakitazama tena kikaratasi cha tangazo kilicholetwa na familia. Kilikuwa na majina mawili: juu la marehemu, chini la mdogo wake aliyefiwa. Yeye alikuwa amesoma mstari wa chini.

Angeweza kusema atapiga baadaye. Hakusema.

"Kosa langu, mzee. Nimeruka mstari. Aliyefariki ni kaka yako."

Wimbo ulikuwa ukingoni. Akamwashiria fundi mitambo, upande wa pili wa kioo, aweke mwingine.

"Miaka tisa hatusemeshani," mzee alisema. "Tuligombania duka. Kumbe na mimi wameniandika?"

"Wamekuandika, mzee. Jina lako tu, chini ya lake."

"Mazishi saa ngapi?"

"Saa nane."

Mzee akakata simu bila kuaga. Dada wa Redio akafungua maikrofoni, akasahihisha tangazo, akakiri kosa ni lake.

Jumatatu meneja alimkabidhi barua ya onyo. Akatia saini bila kubisha, alijua amestahili. Mchana mke wa fundi akapiga simu. Dada wa Redio akajiandaa kugombezwa.

"Mzee wangu hajarudi," mama yule alisema. "Kalala kwa marehemu. Mjane kamng'ang'ania, kasema haondoki mpaka wiki iishe. Nampelekea nguo za kubadilisha."