Mlango wa Mama Obura

Siku ya kwanza huwa siruhusu mwanafunzi aguse kompyuta. Wanachukia sana. Wametoka kwao mtaani Burumba na hamu ya kutengeneza gemu, halafu mwalimu anawapa karatasi ya miraba na penseli kama watoto wa nasari. Lakini mtu ambaye hajachora dunia yake hana mahali pa kumsimamisha mchezaji, na mimi sina subira na mtu anayeanza na bunduki. Choreni mahali mnapopajua, nawaambia. Kila mraba ni kigae. Kigae kinapitika au hakipitiki, kinaumiza au hakiumizi. Mengine yote tutayajenga juu ya hapo.

Hawanisikii. Quinton, ambaye hajawahi kufika mbali kuliko Kisumu, alichora kasri lililofunikwa na theluji. Nikamuuliza theluji ameiona wapi, akasema kwenye friza ya kuku. Vivianne alichora Dubai, na Dubai yake haikuwa na choo hata kimoja.

Aliyenisikia ni Phelister, na hadi leo sijui kama nilifurahi. Alichora Mto Sio pale unapogawa nchi mbili, ng'ambo Uganda, huku Kenya. Alichora mafunjo, mawe ya kukanyagia, na ile njia ya panya inayopanda mpaka kwenye nyumba ya mabati yenye mlango wa buluu. Tulipohamia kwenye kompyuta, mchezaji wake alikuwa kijana aliyebeba trei za mayai kichwani. Anaanzia ng'ambo, anaruka mawe, anapanda njia. Ukimfikisha, mlango unafunguka na maandishi yanatokea: Karibu nyumbani, Obura.

Obura alikuwa kaka yake. Darasa zima lilijua isipokuwa mimi, kwa sababu mimi ni Mteso wa Amukura na habari za Wajaluo wa mjini hunifikia zikiwa zimepoa. Alikuwa akivusha mayai kutoka Uganda. Mvua kubwa ya Aprili ilipojaza mto, yeye alivuka hivyohivyo. Trei zilipatikana zimenasa kwenye mafunjo pamoja na ndara yake moja. Mwenyewe hakupatikana.

Niliyajua hayo nikiwa nimeshamkosoa Phelister. Kwenye toleo lake la kwanza Obura alipita juu ya maji bila kulowa, nami nikamwambia maji yasiyozamisha mtu ni sakafu tu iliyopakwa rangi ya buluu. Dunia isiyo na hatari haichezeki. Alirudi na kazi iliyorekebishwa. Sasa mchezaji akigusa maji alizama, akapotea, kisha akatokea tena ng'ambo, trei zikiwa kichwani, mayai mazima.

"Ako na life ngapi za kurudia?" nikamuuliza.

"Haziishi, Ticha."

"Gemu ambayo mtu hawezi kushindwa si gemu."

"Kwa yangu hashindwi," akasema, akaendelea kupaka rangi mlango.

Nilimwacha. Nina mdomo mkali lakini sina roho ya chuma.

Halafu mama yake akaanza kuja. Jacinter anauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na mji mzima unamwita Mama Obura. Akishafunika omena yake alikuwa anapanda ngazi za ukumbi wetu, anakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya binti yake, na Phelister anamchezea. Phelister ana vidole vyepesi. Obura aliruka jiwe, jiwe, jiwe, akafika, mlango ukafunguka. Mama alitabasamu, akasema "mrudishe tena." Obura akarudishwa ng'ambo, akaja nyumbani tena. Siku nzuri alifika nyumbani mpaka nikachoka kusikia ule mlio wa mlango. Nilianza kukereka, kusema kweli, na nikajionea aibu kwa kukereka.

Mtu aliyenifungua macho ni Okal, baba mdogo wa Phelister. Alinikuta nikifunga dirisha, akavua kofia, akazungumza kwa upole ambao ulinitia wasiwasi kuliko kama angefoka.

"Mwalimu, hiyo kitu mnaonyesha shemeji yangu, mnaweza kuizima?"

Nikamwambia ni kazi ya darasa.

"Najua. Lakini sisi, mtu wetu akipotelea kwa maji na mwili ukose, tunachukua tunda la yago. Unajua yago? Lile refu, linaning'inia kwa mti kama soseji. Tunalizika badala yake, na sala na kila kitu. Hapo amelala. Hapo hata sisi tunalala."

"Na mama yake anakataa?"

"Alikuwa amekubali. Tulikuwa tumepanga na padri. Sasa anatuambia hatuwezi kuzika mtu ambaye yeye amemuona akiingia kwa mlango." Alizungusha kofia mikononi. "Hafungi nyumba yake, Mwalimu. Analala mlango wazi hapo Burumba, mama bila mwanamume nyumbani, ati Obura asije akabisha akose kusikika. Sahani yake anapakua kila siku. Amekonda, wewe mwenyewe unaona. Na bila yeye kusema ndiyo, mimi siwezi kuchimba hiyo kaburi."

Nilikasirika. Nilimkasirikia Okal kwa kuniletea mzigo huo, nikaukasirikia mto, nikamkasirikia Phelister kwa kuwa mwanafunzi bora. Kesho yake nilimwita kando nikamweleza. Alisikiliza akiangalia chini.

"Nikiizima atasema nimemuua mimi," akasema. "Wewe zima, Ticha."

Sikuzima. Nilikuwa nimeamua kuzima, lakini jioni hiyo Mama Obura aliingia akiwa na kitenge chake cha kanisani, akavuta kiti hadi mbele kabisa na kumwambia binti yake asogee.

"Leo nitamvusha mwenyewe," akasema.

Phelister alimwonyesha vitufe. Hiki kwenda, hiki kuruka. Mama aliweka vidole vyake juu ya kibodi, vidole vilivyopasuka kwa chumvi na jua, akabonyeza. Obura aliruka jiwe la kwanza. Akakosa la pili, akazama. Akatokea ng'ambo. Mama akabonyeza tena. Akazama.

"Ngoja asimame sawa juu ya jiwe kwanza, Mama," Phelister akasema, akanyoosha mkono amsaidie.

Mama aliupiga ule mkono. Akaendelea. Obura alizama karibu na ukingo. Akazama katikati. Mara moja alifika jiwe la mwisho, darasa zima likashika pumzi, kisha mama akabonyeza haraka mno na kijana akaenda na maji hatua moja kabla ya nchi kavu. Quinton alicheka, cheko la mtu aliyeshtuka, na hapohapo akaziba mdomo.

Phelister alipokuwa akimchezea, mama hakuwa amewahi kumuona mwanawe akizama. Sasa alikuwa anamzamisha kwa mkono wake. Na kila alipozama dunia ile ilimsimamisha tena, mkavu, trei kichwani, tayari kwa maji yaleyale. Nilitamani kuchomoa waya ukutani na sikuweza kuinuka.

Mama aliondoa vidole. Obura alisimama ng'ambo akisubiri, akipumua vile Phelister alivyomfundisha, kifua juu, kifua chini.

"Phelister," mama akasema. "Mtoto amechoka."

"Ndiyo, Mama."

"Mnamuua mara ngapi?"

Kilichonichoma ni kwamba hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei.

"Hapa hakuna mahali pa kumwacha alale?"

"Sikutengeneza," Phelister akasema, na machozi yakamtoka. "Akigusa maji anarudi. Nilifanya arudi."

"Toa hiyo ya kurudi."

Phelister aliniangalia. Niliitikia kwa kichwa, ndilo jambo pekee nililofanya siku ile. Akafungua ukurasa wa amri, akakivuta kile kipande kilichosema rudi mwanzo, akakifuta. Mama alirudisha vidole kwenye kibodi. Safari hii hakujaribu kuruka. Alimtembeza Obura taratibu hadi ukingoni, akamshusha majini, akangoja.

Maji yalipita. Ng'ambo palikuwa patupu. Mafunjo yalitikisika kwa sababu Phelister aliyatengeneza yatikisike. Mama aliendelea kungoja muda mrefu, akiwa ameinamia kioo cha kompyuta, kisha akajifunika mdomo kwa kitenge na kilio kikamtoka, kile ambacho Okal alikuwa amekisubiri tangu Aprili. Vivianne alimshika mabega. Hatukumnyamazisha.

Alipomaliza alijifuta uso.

"Mwambie baba yako mdogo atafute yago," akamwambia binti yake. Akanyoosha kidole kwenye ule mlango wa buluu, ambao bado ulikuwa tayari kumfungukia pale juu ya njia. "Na hapo pafunge."

Mlango kwenye gemu ni kigae kimoja tu. Phelister alikigusa, akakitia alama ya ukuta, na hakikupitika tena.