Kopo Jekundu, Kopo la Buluu

Hadi leo nikimsikia mtu anasema dawa ya Mbuke haikuthibitika, damu inanichemka. Mimi Mwasiti ndiye niliyekuwa muuguzi wa zahanati ile, na niliyaona yote kwa macho yangu.

Ilikuwa mwaka 1980, kijijini, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Geita. Marhamu ya hospitali ilikuwa imeadimika kama sabuni na sukari. Watoto wenye ukurutu walijikuna mpaka damu, nguo zinagandia kwenye vidonda, nami sina cha kuwapa ila pole. Mbuke, mama wa makamo anayejua miti, alikuwa akipika utomvu wa shubiri na majani ya mwarobaini ndani ya samli, na mtoto aliyepakwa hiyo alilala usingizi siku ya tatu. Nikaanza kuigawa pale zahanati. Wilayani wakasikia, wakasema sawa, lakini ipimwe kwanza. Isipofaulu, iondoke rafuni.

Aliyeletwa kuipima alikuwa kijana mpole kutoka Dar es Salaam, Bwana Onesmo. Alichagua watoto ishirini, akawapigia kura: kumi kopo jekundu lenye dawa, kumi kopo la buluu lenye samli tupu. Kwa wiki sita kila mama apake la kwake na asimgawie mtu. Akina mama wakaapa, wakatia dole gumba kwenye karatasi yake.

Nilimwonya. Katika orodha yake mlikuwa na watoto wa wake wenza. Kwa mzee Ngassa, mtoto wa Limi, mke mkubwa, alipewa jekundu. Wa Minza, mke mdogo, la buluu. Onesmo akasema ndivyo kura ilivyoanguka, na kura haibishaniwi. Kijana amesoma mpaka amesahau watu wanavyoishi! Limi ampake wake apone, wa mwenzake aendelee kujikuna katika ua ule ule? Angeitwa mchawi, na mimi ningekuwa wa kwanza kumwita.

Limi akagawa. Wakagawa wote, jirani kwa jirani. Wiki ya sita ngozi zote ishirini zilikuwa laini. Onesmo akaandika kwamba samli tupu imeponya sawasawa na dawa, kwa hiyo dawa si dawa. Nikamwambia afungue makopo ya buluu, atayakuta yamejaa. Akafungua. Yalikuwa yamekombwa. Nilitamani kulia kwa hasira. Samli safi ya ng'ombe, katika uhaba ule, nani angeiacha ikae?

Limi hakungoja kuulizwa.

“Dawa tulipaka wote,” alisema. “Hiyo nyingine tuliungia mboga.”

Onesmo akasema tumemharibia utafiti na akina mama wameapa uongo. Hapo nilimjibu vibaya. Nilimwambia aibu ni ya mtu anayeona mtoto amepona akamhesabu kuwa kosa. Akanywea kidogo, akatoa shauri jipya: arudie upya, dawa ipelekwe kijiji cha ng'ambo ya bonde, watoto wa kwetu wote wapewe samli tupu, ili asiwepo wa kumgawia mwenzake. Wagonjwa wapya walikuwepo, wanane wameketi kwenye benchi nje. Wangejikuna wiki sita, bila hivyo wilayani hawataridhika.

Mbuke naye alikuwepo, ameketi kando. Kiswahili kilimwia kizito, akayatoa maneno moja moja.

“Mwanangu, wewe una mtoto?”

“Ninaye, mama. Ana miaka miwili.”

“Basi mlete. Yeye awe wa kwanza kwenye kopo la buluu.”

Onesmo akavuta karatasi zake. Kisha akaandika “haikuthibitika”, akatia sahihi, akapanda gari lake.

Baada ya wiki mbili barua ya wilayani ikafika, nikayaondoa makopo ya Mbuke rafuni. Mchana ule ule akaingia mama na mtoto mgongoni, viwiko vimevimba, vinatoka damu kwa kukunwa. Nikamwambia kama barua ilivyotaka niseme, kwamba zahanati haina dawa. Halafu nikawatangazia waliobaki kwenye benchi wanisubiri, nikafunga mlango wa serikali kwa kufuli, nikambeba mtoto mimi mwenyewe mpaka kwa Mbuke.